Malindi: Mwamba Uliotunza Hesabu ya Joto la Bahari

Atokaye Mombasa kwenda Malindi kwa njia ya nchi kavu husafiri kiasi cha kilomita 120, bahari ikiwa mkono wake wa kulia ingawa mara nyingi haioni. Hupita mashamba ya mkonge ya Vipingo, huvuka daraja la Kilifi, huambaa na msitu wa Arabuko-Sokoke, na kabla ya kufika hukuta njia panda iendayo Gedi. Ndugu msomaji, ukijaliwa kupita huko usikose kushuka. Gedi ni mji ulioachwa na wenyewe tangu karne ya 17, na mizizi ya miti imezikumbatia kuta zake kama vidole. Misikiti, makaburi na nyumba za wakubwa, vyote ni vya mawe ya matumbawe. Mawe ya kuta yalichimbwa nchi kavu, katika miamba ambayo zamani sana ilikuwa chini ya maji. Yale laini ya kuchongea nakshi yalitolewa baharini yakiwa mabichi, kwa kuwa yakikauka huwa magumu. Na chokaa iliyoyashika pamoja ilitokana na matumbawe yaliyochomwa katika tanuri la kuni.

Jiwe hilo lililotujengea miji yetu tangu Lamu hadi Kilwa si jiwe la kawaida. Ni kazi ya mnyama. Mnyama mwenyewe ni mdogo, mara nyingi hafikii ukubwa wa punje ya mahindi, laini kama makamasi, mwenye mdomo mmoja uliozungukwa na vimikono. Huchota chokaa iliyoyeyuka katika maji ya bahari na kujijengea kikombe kigumu cha kukalia. Akiisha kujenga, hujiinua kidogo na kujenga kikombe kingine juu ya kile cha kwanza. Maelfu kwa maelfu wakifanya hivyo bega kwa bega, kizazi juu ya kizazi, hutokea mwamba uwezao kuvunja mawimbi ya kusi kabla hayajafika ufukweni.

Lakini mnyama huyu hawezi kazi hiyo peke yake. Ndani ya mwili wake anaishi mwani mdogo usioonekana kwa macho. Mkazi yeyote wa Kariakoo au Majengo ataelewa upesi: mmoja ni mwenye nyumba, mwingine ni mpangaji. Mwenye nyumba hutoa chumba na ulinzi; mpangaji hutumia mwanga wa jua kutengeneza chakula, na sehemu kubwa ya chakula hicho huitoa kuwa kodi. Rangi ya kahawia ya matumbawe, kwa sehemu kubwa, hutokana na huyo mpangaji. Maji yakizidi joto lake la kawaida la kiangazi kwa nyuzi 1 tu ya Selsiasi, na hali hiyo ikadumu kwa majuma kadhaa, mapatano huvunjika. Mwani huanza kutoa sumu badala ya riziki, na mwenye nyumba humfukuza. Hapo tumbawe hupauka likawa jeupe kama mfupa. Halijafa bado, ila lina njaa. Maji yakipoa mapema, mpangaji hurejea. Yakichelewa kupoa, ndio mwisho wake.

Sasa tuje kwenye hesabu. Katika miamba ya Malindi kuna matumbawe makubwa ya mviringo, mfano wa mawe ya kuchezea majitu, ambayo hayana haraka ya kukua. Huongezeka kiasi cha sentimita 1 kwa mwaka, kwa hiyo lililo refu kuliko mtu aliyesimama limekwisha kuishi karne nzima na zaidi. Wataalamu huzamia wakiwa na keekee yenye mdomo wa bomba, wakatoboa kutoka juu hadi kwenye shina, wakatoa mche mrefu wa jiwe. Tundu huzibwa, na tumbawe huendelea kuishi na hatimaye kulifunika kovu lake. Mche huo hupasuliwa kuwa vibao vyembamba na kupigwa picha za eksirei, kama apigwavyo mgonjwa wa kifua. Katika picha huonekana mistari, mmoja mweupe na mmoja mweusi, na kila jozi ni mwaka mmoja.

Kuhesabu miaka ni mwanzo tu. Katika chokaa ya tumbawe mna oksijeni ya aina mbili, nyepesi na nzito. Maji yanapokuwa ya moto, tumbawe huweka kidogo zaidi ile nyepesi. Yanapopoa, ile nzito huongezeka. Anayepima uwiano wake mstari kwa mstari huwa kama anayesoma kipimajoto kilichosahauliwa baharini tangu enzi za mababu. Mwaka 2000 wataalamu wanne, Julia Cole, Robert Dunbar, Timothy McClanahan na Nyawira Muthiga, walitangaza walichokisoma katika tumbawe moja la Malindi: historia ya miaka 194, kuanzia mwaka 1801. Fikiri, msomaji, ni zamani kiasi gani. Sayyid Said alikuwa hajashika utawala wa Oman, mikarafuu ilikuwa haijaenea Unguja, na Malindi yenyewe ilikuwa karibu gofu tupu. Tumbawe lilikuwapo, likiandika.

Liliandika mambo mawili. La kwanza ni kwamba bahari yetu hupata joto na kupoa kwa kufuata mabadiliko ya bahari ya Pasifiki, iliyo mbali nasi kuliko India; ndiyo hali iitwayo El Nino, ambayo wengi wetu tunaikumbuka kwa mvua zilizobeba madaraja mwishoni mwa mwaka 1997. La pili ni zito zaidi. Chini ya kupanda na kushuka huko, joto lenyewe limekuwa likipanda, na tangu mwanzo wa karne ya 19 limeongezeka kwa kadiri ifikayo nyuzi 1.3. Linganisha na ile nyuzi 1 inayotosha kuvunja mapatano ya mwani na mwenyeji wake.

Sababu yake inajulikana. Moshi wa makaa ya mawe na mafuta hulifunika anga kama blanketi, na zaidi ya asilimia 90 ya joto linalozidi humezwa na bahari. Walioichoma sehemu kubwa ya makaa hayo si wavuvi wa Malindi, na hilo yafaa lisemwe waziwazi.

Tumbawe jingine la hapohapo, lenye umri wa miaka 300 hivi, liliandika habari ya pili, nayo ni yetu wenyewe. Kaskazini ya mji unamwagika mto Sabaki, ambao huko juu huitwa Athi, nao huanzia karibu na Nairobi na kupita Ukambani. Wakati wa kaskazi tope lake husukumwa kusini hadi kwenye miamba, na maji huwa rangi ya chai ya maziwa. Tope huja na madini ya bariamu, nayo huingia katika chokaa. Kwa miaka 200 ya kwanza kiasi chake kilikuwa karibu kilekile. Mwanzoni mwa karne ya 20, walowezi walipotwaa ardhi ya juu, wenyeji wakasongamana katika sehemu zilizobaki na miteremko ikalimwa, kikaanza kupanda, wala hakikurudi chini. Shamba lililomomonyoka Machakos limeandikwa chini ya bahari Malindi.

Serikali ya Kenya iliifanya miamba hii kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1968, pamoja na ya Watamu, na ndani ya mipaka yake uvuvi ni marufuku. Hifadhi iliwazuia wenye nyavu, lakini joto halisomi mabango. Miezi michache baada ya zile mvua, kati ya Machi na Mei 1998, matumbawe ya pwani yote ya Afrika Mashariki yalipauka, na mahali pengi zaidi ya nusu ya yaliyo hai yalikufa. Nahodha mmoja wa mashua yenye kioo chini, mtu mzima, nilimpa shikamoo nikamwuliza ilikuwaje.

"Marahaba, mwanangu," akajibu. "Ilikuwa kama mtu kamwaga unga baharini. Wageni wakafurahia, wakapiga picha. Sisi tukanyamaza."

Waliokufa kwanza walikuwa wale wenye matawi kama pembe za paa, wanaokua upesi na kuwapa samaki wadogo maficho. Wale wazee wa mviringo wengi walinusurika, na kwa sababu hiyo tunao bado wa kusoma. Mwamba ukibaki na wazee tu haurudii utajiri wake: changu na tafi hupungua, na bei ya kitoweo sokoni hupanda bila mnunuzi kujua kisa chake. Kupauka kulirejea mwaka 2016, kukarejea tena 2024. Zamani mwamba ulipata miongo ya kujiuguza. Siku hizi hupewa miaka michache.

Hata hivyo si kila mahali pameumia sawa. Kati ya Pemba na pwani ya Tanga na Shimoni kuna mkondo wa kina kirefu uletao maji ya baridi kutoka chini, na uchunguzi uliotolewa mwaka 2020 ulionyesha kuwa huko matumbawe mengi yamestahimili kuliko kwingine. Mwamba huo umepita katikati ya mpaka wa nchi mbili, wavuvi wa pande zote huutegemea, na kwa upande wa Tanga uliumizwa kwa miaka mingi na baruti, ambayo kwa mlipuko mmoja huvunja kilichojengwa kwa miaka mia.