Mkate wa Kila Siku Kupitia Mpira

Kila mwaka darasa la Kipaimara linapofika kwenye ombi la nne la Sala ya Bwana, huwauliza watoto: mkate wa kila siku ni nini? Hujibu haraka: ugali, wali, ndizi, chai na maandazi. Ndipo tunafungua Katekisimo Ndogo, aliyoiandika Martin Luther mwaka 1529, na kukuta orodha iliyo ndefu kuliko yao. Humo mna chakula na kinywaji, lakini pia mna nguo, nyumba, shamba, fedha, utawala mwema, hali nzuri ya hewa, amani, afya, hata majirani waaminifu. Watoto hucheka wakimkuta jirani ndani ya mkate. Mwaka huu nimeisoma orodha hiyo kwa macho mengine, kwa sababu wiki chache zijazo nitawekewa mpira wa kulishia.

Ninaumwa umio, yaani njia inayopeleka chakula kutoka kooni hadi tumboni. Kwa miaka mingi tindikali ya tumbo imekuwa ikipanda na kuichoma. Palipoungua pakafanya kovu, na kovu likaifanya njia isinyae. Nimepanuliwa hospitalini mara nyingi. Kila mara nilipata nafuu ya wiki kadhaa, kisha njia ikabana tena. Nyama niliiacha kwanza, ukafuata ugali, kisha wali. Mtori umekaa nami muda mrefu, lakini sasa nao unachujwa, na kikombe kimoja hunichukua karibu saa nzima. Washarika wameona jinsi kanzu inavyoning'inia mabegani. Daktari alinieleza wazi kwamba tumbo lenyewe bado linafanya kazi. Kinachokosekana ni njia ya kulifikia. Mwili upate chakula na nguvu kwanza, ndipo upasuaji mkubwa wa umio uweze kufikiriwa. Kwa hiyo watafungua tundu dogo kwenye ukuta wa tumbo na kupitisha mpira.

Nilipotaka kujua jambo hili lilianza lini, nilijifunza kwamba mwaka 1849 daktari Charles Sédillot wa Strasbourg, Ufaransa, alijaribu kumfungulia mgonjwa tundu la namna hii, na mgonjwa yule hakupona. Ilikuwa mwaka 1876 ndipo Aristide Verneuil wa Paris alipofanikiwa. Mwaka 1980 madaktari Michael Gauderer na Jeffrey Ponsky wa Marekani walieleza njia ya kuuweka mpira kwa msaada wa kamera inayopitishwa mdomoni, bila kupasua tumbo kwa kisu kikubwa. Kwangu kamera haipiti, hivyo nitapasuliwa kwa njia ya zamani. Hata hivyo, nimewashukuru watu hao mbele za Mungu. Nao wanaingia katika orodha ya Luther, pamoja na majirani waaminifu.

Kuna ndugu katika imani waliokuja kuniombea na kunisihi nisikubali. Walisema kuwekewa mpira ni kumwambia Mungu kwamba tumechoka kungoja. Ninawapenda, na maombi yao nayahitaji. Lakini nimesoma tena habari ya binti Jairo katika Marko sura ya 5. Bwana Yesu anamfufua mtoto, watu wanashangaa mno, na jambo analoagiza baada ya hapo ni kwamba mtoto apewe chakula. Aliyeshinda mauti hakuona aibu kushughulikia tumbo la mtoto wa miaka kumi na miwili, wala muujiza haukuondoa haja ya kula. Ninaendelea kuomba uponyaji, na ninapoomba nataka mwili wangu uwe umelishwa.

Maandalizi yenyewe ni kazi ya mikono. Muuguzi alitufundisha, mimi, mke wangu na kijana wetu mkubwa. Mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kugusa mpira. Maji safi yaliyochemshwa na kupoa yapitishwe kabla na baada ya kila mlo, maana mpira ukiganda chakula huziba. Dawa zisagwe laini na kupitishwa moja moja, lakini kuna vidonge visivyoruhusiwa kusagwa, kwa hiyo tuulize kwanza. Nikae wima wakati wa kulishwa, na nisilale mara baada ya mlo. Ngozi inayozunguka tundu isafishwe kila siku. Mpira ukichomoka twende hospitali upesi, kwa sababu tundu linaweza kuanza kujifunga ndani ya saa chache. Tena meno yapigwe mswaki kila siku, hata kama mdomo hautafuni kitu. Hilo la mwisho lilinigusa. Mdomo usiokula bado una kazi ya kuhubiri.

Jambo gumu kwangu si kisu, ni kulishwa. Nimezoea kuwa mtu anayewahudumia wengine. Nilimweleza hivyo mama mmoja wa usharika wetu, ambaye alimlisha mumewe kwa mpira baada ya mzee kupooza.

"Shikamoo, mama," nilimwambia. "Nimekuja unifundishe."

"Marahaba, mwanangu Mchungaji. Kuna kitu kimoja hospitalini hawatakwambia. Mzee wangu alikuwa anafumba macho nikimlisha. Aliona haya. Nikamwambia, baba, nitazame, mimi si muuguzi, ni mke wako tunakula. Tangu siku hiyo nikawa naleta na sahani yangu, tunakula pamoja."

Niliporudi nyumbani nilimfikiria Eliya chini ya mti nyikani, amechoka hata akaomba afe. Hakutafuta chakula wala hakupika. Alikuta mkate na maji, akala akalala, akaamshwa ale tena kwa sababu safari ilikuwa ndefu. Nabii yule alilishwa kama mtoto, na baada ya hapo bado alikuwa nabii mwenye kazi mbele yake.

Limebaki swali la Meza ya Bwana, na najua washarika wanajiuliza hata kama hawasemi. Mchungaji asiyeweza kumeza atashirikije? Nimezungumza na mkuu wa jimbo, na pia na daktari. Kwa sasa bado namudu tone la divai na chembe ya mkate iliyolainishwa ndani yake, nayo itatosha. Tunaamini kwamba Kristo yupo kwa sababu ya Neno lake na ahadi yake. Mwenye kipande kikubwa hapati Kristo zaidi ya mwenye chembe. Nimewapelekea wagonjwa wengi Chakula cha Bwana vitandani mwao na kuwaambia hivyo. Sasa neno hilo linanirudia mimi, na nimelikuta bado linabeba uzito. Ikifika siku nisiweze hata chembe, atakayekuwa madhabahuni atanitamkia ahadi ileile, nami nitaitikia Amina.

Nitaingia hospitali baada ya Sikukuu ya Mavuno. Nikirudi, wapendwa, nina ombi. Kwetu mgeni asipokula mwenyeji huumia, na mwenyeji asiyekula huwafanya wageni waogope kushika kijiko. Msiache kuialika nyumba yangu kwenye jumuiya, wala msifiche sahani zenu nikiingia. Niwekeeni kiti palepale mezani. Kama ni saa ya mlo wangu, mke wangu atatundika uji wangu msumarini, nanyi mtakula ndizi zenu, na mmoja wetu ataombea chakula chote kwa pamoja. Watoto wakiuliza ule mpira ni wa nini, waambieni ukweli: ni njia ambayo mkate wa kila siku wa Mchungaji hupitia. Kisha waulizeni kama wanalikumbuka ombi la nne.