Miti ya Nikko, Vidole vya Tokyo

Mwezi Machi mjini Tokyo, mtabiri wa hali ya hewa kwenye televisheni akishamaliza habari za mvua na baridi huleta ramani ya pili. Hiyo ni ya chavua. Mikoa mingine imepakwa njano, mingine nyekundu, na mwenyeji wangu huikodolea macho kama mvuvi anayesoma mawingu kabla ya kushusha ngalawa. Kisha huvaa barakoa, na juu yake miwani yenye kingo za plastiki, ndipo atoke. Kwenye treni wenzake ni wengi. Kwetu pwani mtu akipiga chafya akamshukuru Mungu, hata asiyemjua humwombea rehema. Huku bwana mmoja alipiga chafya mfululizo na behewa zima likatazama simu zake.

Mti unaowatesa hivyo unaitwa sugi. Ni mrefu, umenyooka, gome lake la kahawia nyekundu linabanduka kwa nyuzi ndefu. Nilikwenda kuuona Nikko, kaskazini ya Tokyo, ambako kuna njia za kale zilizopandwa sugi pande zote mbili kuanzia miaka ya 1620. Zinakwenda kiasi cha kilomita 35, na ukisimama chini yake adhuhuri unahitaji kuvuta shati shingoni kwa baridi ya kivuli. Ni Nikko hiyohiyo ambako madaktari walieleza mzio wa sugi, mwaka 1964.

Miti hiyo mikongwe ya karne nne, hata hivyo, si ya kulaumiwa peke yake. Baada ya Vita Kuu ya Pili milima mingi ya Japani ilikuwa imebaki uchi, na serikali ikahimiza watu wapande sugi na ndugu yake hinoki ili nchi ipate mbao za kujengea. Baadaye mbao za nje zikaingia kwa bei nafuu, sugi zikaachwa zisimame, na mti huu ukishapita miaka 30 hivi hutoa chavua bila huruma. Uchunguzi wa mwaka 2019 ulionyesha kwamba karibu watu 4 katika kila 10 wana mzio wake. Mwaka 2023 serikali iliweka mpango wa kupunguza mashamba ya sugi kwa asilimia 20 katika miaka kumi. Nasi Tanzania tumepanda misonobari kutoka Sao Hill hadi Shume. Sijapata kusikia mtu akiuliza upepo utabeba nini.

Mwenyeji wangu ana vidonge vyake kutoka duka la dawa, na havikosi mkobani. Lakini msimu huu huenda pia kwa mtaalamu wa sindano na kukanda, nami nikamfuata, maana mgongo wangu ulikuwa haujasamehe safari ya ndege. Tulivua viatu mlangoni, jambo lililonifanya nijisikie nyumbani. Ukutani zilitundikwa leseni tatu ndani ya fremu: moja ya kukanda, ya pili ya sindano, ya tatu ya kuchoma majani. Kila moja ina mtihani wake wa taifa, na hufiki kwenye mtihani kabla ya kusoma miaka mitatu chuoni.

Mtaalamu mwenyewe haoni. Alimbonyeza mwenyeji wangu kandokando ya pua, katikati ya nyusi, kisogoni, kisha pale penye nyama baina ya kidole gumba na cha shahada. Akachukua sindano nyembamba iliyo ndani ya kijibomba, akaigonga kichwani kwa ncha ya kidole, ikaingia bila mgonjwa kukunja uso. Kijibomba hicho husifiwa kuwa kazi ya Sugiyama Waichi, kipofu wa karne ya 17 aliyefungua shule za kuwafundisha wasioona wenzake ufundi huu. Mwisho akaweka kwenye ngozi donge la ukubwa wa punje ya mchele, la nyuzi laini zitokanazo na majani makavu ya mmea uitwao yomogi, akaliwasha kwa kijiti cha ubani. Jambo la kuchekesha ni kwamba chavua ya yomogi yenyewe huwapigisha watu chafya ifikapo vuli.

Hakuahidi miujiza. Alisema pua itafunguka jioni hiyo, na kesho upepo ukivuma itaziba tena. Nilimpenda kwa hilo.

Zamu yangu ilipofika nililala na nguo zangu, akanitandikia kitambaa mgongoni. Mafuta hakuna. Kwetu mkono huteleza kwa mafuta ya nazi yaliyopashwa moto pamoja na karafuu. Huku gumba hushuka wima, hutulia, hupanda, huhamia hatua moja. Wala hakuna maongezi. Bibi anayekukanda Tanga huuliza habari za mama yako na kwa nini huoi, na ukiondoka unamwachia ulichojaliwa, pengine kilo ya sukari. Huku unapewa risiti.

Maongezi niliyakosa, ila zile fremu nilizionea wivu. Tanzania ina sheria ya tiba asili na tiba mbadala tangu mwaka 2002, na baraza lake. Lakini mkandaji wa mtaani kafundishwa na shangazi yake, na ni nadra mtu kumuuliza atajuaje kwamba mfupa anaouvuta umevunjika. Na asiyeona, ambaye huku kwa karne kadhaa vidole vyake vimehesabiwa kuwa vya mtaalamu, kwetu mara nyingi tunamkuta kwenye kona ya barabara ameshikwa mkono na mtoto, kopo mbele yake.

Usiku nilimsimulia shangazi yangu kwa simu, naye kazi yake ni hiyohiyo.

“Bila mafuta?” akasema. “Basi huyo kakubonyeza tu, mwanangu, hajakukanda.”

Akataka kujua nimelipa kiasi gani. Nikamgeuzia yeni kuwa shilingi. Akaguna, kisha akauliza chuo hicho kinapokea watu wa umri gani.