NILIKWENDA ITALIA NA MUME, NIKARUDI NA MCHUMBA

Wiki hii tunaacha vituko vya mjini, nawapeleka Italia. Msicheke, nimefika kweli, tena na bwana'ngu. Tulidunduliza miaka mitatu, pesa zote za kikoba zikaishia kwenye tiketi.

Sasa mwenzangu alikuwa na ratiba. Siku kumi, miji sita: Roma, Florence, Pisa, Milan, Verona, Venice. Kila kitu na saa yake, utadhani tunakimbiza mwenge! Roma tuliimaliza kwa siku moja na nusu. Ule uwanja wa Colosseum uliofunguliwa mwaka 80 nauona vizuri kwenye picha tu, maana siku ile nilichokiona hasa ni mgongo wa mume wangu akikata mbuga mbele yangu.

Florence ndiko kulikotibuka. Kanisa kuu la pale lina kuba kubwa alilolijenga Brunelleschi kuanzia 1420 hadi 1436, na kulifikia juu unapanda ngazi 463 kwa miguu, lifti hakuna. Katikati magoti yakagoma. "Mume wangu, tupumue kidogo." Weee! Akaangalia saa. Eti treni ya Pisa itatuacha. Nilichomjibu hakiandikiki gazetini. Njia yenyewe nyembamba, Wazungu wamekwama nyuma yetu wanasikiliza ugomvi wa Kiswahili bure. Treni ikatuacha kweli, na usiku tukalala mzungu wa nne.

Asubuhi tukapanda nyingine mbiombio. Kumbe tiketi ya karatasi ya treni za mikoani lazima uigonge muhuri kwenye kimashine pale stesheni kabla ya kupanda. Konda akatupiga faini. Mzee kimya. Tulipoteremka Pisa akaitoa ile ratiba mfukoni, akaichana, akaniuliza, "Wewe unataka kwenda wapi?"

Jamani, sikumbuki mara ya mwisho kuulizwa hivyo. Nikasema Lucca, kwa kuwa ilikuwa karibu, nusu saa tu kwa treni.

Lucca ni mji mdogo uliozungushiwa ukuta mzima wa zamani, kilomita nne na ushee, na juu ya ukuta huo kuna njia pana yenye miti. Jioni watu wanajitembelea tu. Tulikaa siku tatu. Asubuhi kahawa, tena mnywe mmesimama kaunta kama wenyeji, mkikaa mezani bei inaweza kupaa. Mchana usingizi. Jioni tunauzunguka ukuta, ikiisha raundi tunaanza tena.

Raundi ya pili, siku ya pili, ndipo akaniambia. Kazini kwake walipunguza watu mwaka juzi, na tangu hapo kila mwisho wa mwezi anangoja zamu yake. Miaka miwili nalala naye kitanda kimoja, mie sina habari! Tulikaa chini ya mti mpaka taa zikawaka.

Milan na Verona hatukuziona, na wala sidai. Siku zilizobaki tukazimalizia Venice. Kule hakuna gari wala bodaboda, ni mifereji na madaraja zaidi ya 400, na kupotea ndiyo starehe yenyewe. Tangu 2024 mji umeanza kutoza kiingilio, kwa siku maalumu, wageni wa kuja na kuondoka siku hiyohiyo. Sie wa kulala hatukuguswa.

Kisiwa cha Murano ndiko walikohamishiwa wafua vioo mwaka 1291, kwa kuogopa moto. Shanga za Venice zilipita Zanzibar karne ya 19 zikaenda bara na misafara, kwa hiyo huenda bibi zetu walizivaa. Nikamsimulia mume wangu. Akaingia dukani peke yake, akatoka na kifurushi kidogo, akanikabidhi huku anaangalia pembeni kama kijana wa sekondari.

Ndani kulikuwa na shanga nyekundu, uzi mrefu kuliko wa shingoni. Kauliza kipimo gani, kwa lugha gani, hataki kusema hadi leo.