Sisi walimu na bunduki

Tangu Novemba 2022, Rais Tshisekedi alipowaomba vijana waunde vikundi vya ulinzi kusaidia jeshi, tulijiuliza: na sisi je? Siku ya posho tukaenda, walimu watatu wa kike. Kalashnikov yenye masasi 30 ina karibu kilo 4, kama mtoto mchanga. Masasi ya kwanza yote yalipita juu ya shabaha. Afande akasema: munaogopa mlio, toeni pumzi nusu, kisha vuteni polepole. Tulipogonga katikati tulipiga vigelegele, kusema kweli. Siku ya kwanza, darasani, mtoto aliyefiwa na baba akauliza: “Mwalimu, mutapiga nani?” Tulimwambia amalize hesabu zake. Posho ijayo wawili kati yetu hawatarudi.