Okoye kavalishwa nini?

Jamani, leo naomba tuache siasa za hapa Dodoma, tuongelee nguo. Nguo za Okoye, yule jenerali wa Wakanda.

Black Panther ilipotoka mwaka 2018, walinzi wa kike wa mfalme, Dora Milaje, walivaa nyekundu na shanga. Mbunifu wa mavazi, Ruth E. Carter, alisema wazi kwamba aliwaangalia Wamasai. Kwenye vitabu vya katuni walikuwa wakichorwa na vigauni vifupi, kwa hiyo mashabiki wengi walishangilia. Mwaka 2019 Carter akachukua Oscar.

Ikaja Wakanda Forever, 2022. Okoye kavalishwa deraya ya buluu na kofia ya kufunika uso. Vicheko! Power Rangers kaingia Wakanda, watu wakasema. Watetezi wakajibu kwamba Midnight Angels wamo kwenye katuni miaka mingi. Kweli, na Carter alipata Oscar nyingine mwaka 2023, lakini mimi niko na waliocheka.

Dada mmoja ninayefanya naye kazi, Mgogo wa Mvumi, ana lake. "Hiyo nyekundu mnayoililia ndiyo ya Wamasai peke yao? Bibi zetu wamepiga muheme na shanga zao miaka yote, nani kawauliza?"

Tulibishana mpaka chai ikapoa. Angalau nyekundu ile ina wa kuigombea. Ile ya buluu sijui ni bibi wa nani atakayeidai.