Nilimdanganya Mpimaji, Goti Likaniumbua

Ikiwa nawe ni miongoni mwa wale wanaokaa kitini siku tano za juma, kisha Jumamosi jioni wakavaa viatu vya mpira kana kwamba miaka haijapita, basi habari hii inakuhusu. Ni habari ya kosa langu mwenyewe. La mwenzangu ningelisimulia kwa urahisi zaidi.

Mwaka 2022 timu ya ofisi yetu ilikuwa ikijiandaa kwa mashindano ya siku moja ya kandanda baina yetu na ofisi za jirani hapa Dar es Salaam. Zawadi ya mshindi ilikuwa mbuzi. Mwenzetu mmoja alikuwa na jamaa yake aliyesomea tiba ya viungo, naye akakubali kuja kutupima kabla hatujaanza mazoezi. Alifika na fimbo ndefu, ubao mwembamba, kamba na daftari. Sisi tulidhani atatupima uzito au mapigo ya moyo. Yeye akatuamuru tuchuchumae.

Kipimo alichokitumia kilibuniwa Marekani katika miaka ya 1990 na mabwana wawili, Gray Cook na Lee Burton, na kazi yake ni kutazama jinsi viungo vinavyojongea kwa pamoja. Kina mazoezi saba. Unachuchumaa hadi chini huku umeinua fimbo juu ya kichwa kwa mikono miwili. Unavuka kamba iliyofungwa chini kidogo ya usawa wa goti. Unapiga hatua juu ya ubao na kulishusha goti la nyuma bila kuyumba. Unapeleka mkono mmoja mgongoni kwa juu na wa pili kwa chini, ili ionekane ngumi zinakaribiana kiasi gani. Unalala chali na kuinua mguu mmoja ulionyooka. Unalala kifudifudi na kujisukuma juu, mwili wote ukiwa kama gogo moja. Mwishowe unapiga magoti na kushika chini kwa mikono, kisha unanyoosha mkono na mguu kwa pamoja.

Zoezi lililofanywa sawasawa hupewa alama 3; lililofanywa kwa kujipinda au kujisaidia hupewa 2; asiyeliweza hupewa 1. Alama zote zikitimia ni 21. Lakini iko alama nyingine, nayo ndiyo iliyonikuta: sifuri. Hiyo ni ya maumivu. Hata ukilifanya zoezi vizuri namna gani, ukisema linakuuma, huandikiwa sifuri, na hupaswi kuendelea kabla hujaonana na tabibu.

Hapo kwenye kuchuchumaa palikuwa na kichekesho ambacho sipendi kukiacha. Sisi vijana wa mezani, karibu wote, tulinyanyua visigino au tukaanguka kwa nyuma kama magunia. Nikamkumbuka mama yangu, ambaye amevuka umri wa miaka sitini, na ambaye huchuchumaa mbele ya jiko la mkaa au beseni la nguo asubuhi nzima, nyayo zake zote zikiwa chini, akizungumza na jirani. Hakuna aliyemfundisha. Nami nilikuwa nao uwezo huo nilipokuwa mtoto. Kiti cha ofisi kimeninyang'anya kidogo kidogo, bila mimi kujua.

Zamu yangu ilipofika, nilichuchumaa, na goti la kulia likanichoma kwa ndani. Halikuwa jambo geni. Tangu mwezi wa tano lilikuwa likinichoma kila niliposhuka ngazi. Mpimaji akaniuliza, "Ndugu, unasikia maumivu yoyote?" Nikajibu, "Hapana, ndugu." Akaandika 2.

Kwa nini nilisema hapana? Labda kwa sababu wenzangu walikuwa wamesimama wakitazama. Labda pia ni malezi. Sisi tumekulia katika sifa za John Stephen Akhwari, aliyeanguka katika mbio za marathoni za Olimpiki kule Mexico mwaka 1968, akaumia goti, na bado akachechemea mpaka mwisho, muda mrefu baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia kushinda. Sifa ile anaistahili. Ila yeye alikuwa amevaa jezi ya taifa mbele ya dunia nzima, na mimi nilikuwa nakimbilia mbuzi.

Jumla yangu ilikuwa 15, nami nikafurahi mno, kwa kuwa mpimaji alikuwa ametueleza juu ya alama 14. Chanzo chake ni uchunguzi uliotolewa mwaka 2007, uliofanywa kwa wachezaji 46 wa timu moja ya kulipwa ya mpira wa Kimarekani. Wale waliopata 14 au chini ya hapo waliumia vibaya kwa wingi zaidi kuliko wenzao. Basi nikajiona nimevuka mto, nikisahau kwamba daraja nilikuwa nimelijenga kwa uongo.

Katika mchezo wetu wa pili niligeuka kuufuata mpira. Mwili uligeuka, goti likabaki.

Daktari alituambia kwamba gegedo la ndani ya goti limechanika. Akaniuliza maumivu yalianza lini. Kabla sijafungua kinywa, mke wangu akajibu, "Daktari, huyu anashuka ngazi upande upande tangu mwezi wa tano. Nikimwuliza, husema amekaa vibaya." Sikuwa na la kuongeza. Kumbe mpimaji wa kweli nilikuwa nikiishi naye nyumba moja. Kwa majuma tisa niliyotembea kwa magongo, yeye ndiye aliyebeba ndoo za maji, akampeleka mtoto shule na kuwahi kazini kwake, wala hakunikumbusha hata siku moja. Afadhali angenikumbusha.

Nilipokuwa nimelala, hasira zangu nilizielekeza kwenye kile kipimo. Kwa kuwa kazi yangu ni kusoma na kuandika, nilianza kutafuta. Nikagundua kwamba hata bila uongo wangu, ile namba 14 si ya kutegemewa sana. Chunguzi nyingi zilizofuata hazikupata uhusiano wenye nguvu kati ya jumla ya alama na kuumia. Mwaka 2016 Roald Bahr, daktari wa michezo wa Norway, aliandika waziwazi kwamba vipimo vya namna hii haviwezi kumtambua mapema mchezaji atakayeumia, kwa sababu alama za wanaoumia na za wasioumia huingiliana mno. Hilo nalithibitisha kwa macho: mwenzetu mmoja alipata 11, na hadi leo anacheza bila hata mkwaruzo.

Je, tukitupe kipimo? Mimi nasema tusikitupe, bali tukome kuitazama ile jumla kama matokeo ya mtihani. Chenye thamani ni lile swali la maumivu, pamoja na tofauti kati ya upande wa kulia na wa kushoto, kwa kuwa hayo humpa mtaalamu mahali pa kuanzia.

Na kinga nayo ipo, wala haimhitaji mpimaji. Inaitwa 11+, mpango wa dakika ishirini hivi wa kupasha mwili uliotayarishwa kwa ajili ya wanakandanda: kukimbia polepole, kisha mazoezi ya nguvu, ya kusimama kwa mguu mmoja na ya kuruka na kutua goti likiwa limenyooka na kidole cha mguu, kisha kukimbia tena. Ulijaribiwa Norway kwa wasichana 1,892 wa miaka 13 hadi 17, na matokeo yakatolewa mwaka 2008: katika timu zilizoufuata, majeraha kwa jumla yalipungua kwa kiasi cha thuluthi moja, na yale makubwa kwa karibu nusu. Hufanywa na timu nzima, mwenye 11 na mwenye 20 pamoja. Zoezi moja ni gumu kuliko linavyoonekana: unapiga magoti, mwenzako anakushika vifundo vya miguu, nawe unajiachia mbele taratibu huku misuli ya nyuma ya mapaja ikikuzuia. Siku ya kwanza sote tulianguka kifudifudi kwenye vumbi.

Sasa mimi ndiye ninayesimamia dakika hizo ishirini kila Jumamosi, nikiwa na filimbi na saa. Kabla ya mashindano ya mwaka huu mpimaji alikuja tena na daftari lake. Aliponiuliza kama nasikia maumivu, nilisema ndiyo, goti la kulia, nikifika chini kabisa. Akaandika sifuri bila kuinua macho, akanielekeza nikamwone tena daktari. Nilipoondoka mstarini, kijana wa idara ya uchapaji aliyekuwa nyuma yangu alinivuta pembeni, akaniuliza kwa sauti ya chini kama mtu akipata sifuri ya bega huondolewa kikosini.