Staa Agomea Ghorofa la Jirani Kimara, Kumbe Anayeumia Ni Mtu Wake

Kuna dada mmoja wa bongo movie, jina kapuni, ana nyumba yake Kimara, dakika 10 tu kwa miguu mpaka kituo cha mwendokasi. Nyumba ya chini, geti jeusi, miembe miwili uani. Kajenga kwa jasho lake, hakuna wa kumnyooshea kidole.

Sasa majirani zake, familia iliyorithi kiwanja, wakataka kuvunja nyumba yao ya zamani wapandishe ghorofa la kupangisha, chumba na sebule. Dada akawaka. Kwenye kikao cha mtaa alisimama mwenyewe, miwani juu ya kichwa, akasema wapangaji watamletea wizi, kelele na macho ya watu dirishani kwake. Makofi yakapigwa. Staa akiongea nani abishe?

Usimcheke haraka lakini. Hoja yake ya vyoo ilikuwa nzito. Mtaa ule hauna bomba la majitaka, kila nyumba na shimo lake. Familia 20 kwenye kiwanja kimoja, masika ikipiga, hayo maji yanaenda wapi? Wenye kiwanja walibaki kusema "tutaangalia". Hilo si jibu.

Ila hiyo hoja ya wapangaji ndo imezua jambo.

Anayemremba huyo dada kabla ya kushuti ni binti wa saluni moja Magomeni. Kapanga Kibamba, maana huko ndo kodi ya miezi 6 aliimudu. Anaamka saa kumi alfajiri, daladala mpaka Kimara, halafu aanze kugombania mwendokasi. Wanaoijua Kimara asubuhi wanajua, watu wanaingilia mpaka madirishani. Mabasi yale yalianza Mei 2016, yana njia yake peke yake mpaka Kivukoni, na ukishapanda unayapita magari kwenye foleni kama yamepaki. Lakini anayelala jirani na kituo ana Harrier, na anayelihitaji basi analala Kibamba. Sensa ya 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 5.3 Dar. Wote hawawezi kupata nyumba ya chini yenye miembe, ukweli usemwe.

Binti alikuwa ameshaongea na ile familia. Alishaanza kudunduliza.

Siku hiyo dada kakaa kwenye kiti anapakwa poda, anasimulia kwa raha alivyowakomesha kikaoni. Brashi ikasimama.

"Dada, mimi nilitaka kupanga pale."

"Wewe? Si ungeniambia, mdogo wangu!"

"Ningekwambia nini, dada? Si ndo mimi mpangaji mwenyewe."

Waliokuwepo wanasema dada hakuongea tena mpaka kazi ikaisha. Alimpa elfu kumi ya bodaboda, binti akaipokea kwa mikono miwili, akashukuru.

Ghorofa bado halijapanda. Jumatatu iliyofuata kulikuwa na kushuti Kinondoni, watu wote wafike saa moja asubuhi. Saa kumi na mbili na nusu dada akapiga simu.

"Uko wapi?"

"Kimara, dada. Basi la tatu hili nimeshindwa kuingia."

Dada mwenyewe alikuwa hapohapo Kimara, kwenye foleni, ndani ya Harrier, viti vinne vitupu.